Soichiro Honda: Mwenye Gereji Aliyerudi Darasani

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike habari za mtu mashuhuri ambaye vijana wetu wapendao ufundi wangefaidika kumjua, sikusita. Jina la Honda sote tumelisoma ubavuni mwa pikipiki, jenereta au pampu ya maji. Lakini lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa jina la mashine, na nitakayosimulia hasa ni ya wakati alipokuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mtu mzima.

Soichiro Honda alizaliwa mwaka 1906 kijijini, karibu na mji wa Hamamatsu nchini Japani. Baba yake alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Masomo hayakumvutia sana mtoto huyu. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji ya Art Shokai, na siku za mwanzo alizimaliza akimlea mtoto wa tajiri wake. Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo. Akapata wateja, fedha na sifa.

Hapo angeweza kutulia. Badala yake akaingiwa na hamu ya kutengeneza ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Kwa macho ni kitu kidogo. Lakini ringi lazima ijibane na ukuta wa silinda bila kuukwangua, istahimili joto kali, na isikatike. Alimimina chuma kwenye kalibu mchana na usiku, na kila mara ringi zikatoka mbovu. Mikono iliyoweza kufungua injini yoyote haikuweza kumwambia kasoro iliyokuwamo ndani ya chuma.

Akaenda kuuliza kwa walimu wa chuo cha ufundi pale Hamamatsu. Chuma chake kilipopimwa, kikaonekana kimepungukiwa na silikoni. Bwana mkubwa mwenye gereji, umri wa miaka kama 30, hakujua habari hiyo hata kidogo! Basi akajiandikisha chuoni kusoma elimu ya vyuma, akakaa dawati moja na vijana wadogo kwake, na baada ya masomo akarudi karakanani.

Hakusoma kama tulivyosoma sisi. Yaliyohusu ringi aliyashika barabara. Mengine aliyaacha, na mitihani hakuifanya. Chuo hakikumpa diploma. Hapa nakiri jambo. Sehemu ya kazi yangu serikalini ni kupitia maombi ya kazi, na faili lisilo na cheti huliweka kando kabla ya kulisoma. Lake ningeliweka kando.

Lakini nanyi mlioko shuleni msifurahi upesi mkadhani nawahalalishia kukimbia mitihani. Baada ya karibu miaka miwili ringi zilikubali, naye akapeleka 50 Toyota zikapimwe. Zilizofaulu ni 3. Mtihani alioukwepa chuoni ulikuwa unamngoja kiwandani. Akafunga safari tena kwenye vyuo vikuu na viwanda vya chuma, akiuliza na kutazama, kwa muda wa karibu miaka miwili mingine, hata ringi zake zikapokewa Toyota na katika kiwanda cha ndege.

Vita, kisha tetemeko la ardhi la Januari 1945, viliharibu kiwanda chake, akawauzia Toyota hisa zake. Mwaka 1946 alianza upya, akifunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizoachwa na jeshi, ambazo zilikuwa za kuendesha jenereta za redio. Kampuni ya Honda ilianzishwa mwaka 1948. Mengine mnayaona barabarani: pikipiki za jamii ya Super Cub, zilizoanza mwaka 1958, zilikuwa zimefikia milioni 100 mwaka 2017.

Alistaafu mwaka 1973, akafariki dunia tarehe 5 Agosti 1991 akiwa na umri wa miaka 84.