Nansen na Merikebu Iliyobebwa na Barafu

Wewe unayekaa Musoma, Bunda au Butiama, huenda barafu uliyoiona ni ile ya kuhifadhi samaki tu. Sasa fikiri Ziwa Viktoria limeganda, na watu wanatembea juu yake. Kaskazini kabisa ya dunia ipo bahari ya namna hiyo. Wakati wa baridi jua halionekani kwa miezi mingi. Fridtjof Nansen alitaka kuijua bahari hiyo.

Nansen alizaliwa mwaka 1861 katika nchi ya Norwe. Mwaka 1888 yeye na wenzake watano walivuka kwa miguu Greenland, kisiwa kikubwa kilichofunikwa na barafu. Walianzia upande usio na makazi makubwa, ili wasiweze kurudi nyuma.

Hapo nyuma, mwaka 1881, meli moja ilipasuliwa na barafu kaskazini ya Urusi. Miaka mitatu baadaye vitu vyake viliokotwa Greenland, mbali sana. Nansen akatambua kwamba barafu ile inatembea. Basi inaweza kubeba hata merikebu nzima. Wataalamu wengine waliona kuwa anakwenda kuua watu.

Fundi Colin Archer alimjengea merikebu, ikaitwa Fram. Ninyi mnaojua mitumbwi mtaielewa siri yake. Ubavu wake ulikuwa wa mviringo. Bana kokwa bichi la embe kwa vidole, utaona linavyoponyoka. Ndivyo Fram ilivyotakiwa kufanya.

Mwaka 1893 watu 13 waliondoka, na mwezi wa Septemba barafu ikawazingira. Ilikuja ikinguruma na kuubana ubavu wa merikebu. Mbao zikalia, lakini Fram ikanyanyuka juu, nzima. Watu wakaendelea kupima joto la maji na kina cha bahari. Kamba ya kupimia haikutosha! Wakafumua waya wa chuma wa merikebu, wakasokota kamba ndefu. Wakakuta kina cha zaidi ya mita 3,000, mahali ambapo watu walidhani ni kifupi.

Mwaka 1895 Nansen na Hjalmar Johansen waliiacha merikebu, wakaenda na mbwa kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Pengine lilikuwa kosa, maana chombo kinachotembea na barafu huwezi kukirudia. Walifika kilomita kama 420 kutoka Ncha, wakageuka. Mbwa wakauawa mmoja mmoja ili kuwalisha wenzao. Wakati wa baridi wawili hao walikaa katika kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu.

Siku moja mwaka 1896 mitumbwi yao ilichukuliwa na upepo, na bunduki na chakula vyote vimo. Nansen akajitupa katika maji ya barafu. Aliogelea mpaka viungo vikafa ganzi, akaishika. Siku chache baadaye walimkuta Mwingereza, Frederick Jackson, akawasaidia kurudi kwao. Mwezi wa Agosti Fram nayo ikatoka barafuni. Watu wote 13 walikuwa hai.

Tangu mwaka 1921 Nansen alishughulikia wakimbizi wa Ulaya, akawapatia hati za kusafiria. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1922, akafa mwaka 1930. Nishani ya wakimbizi yenye jina lake alitunukiwa Mwalimu Nyerere wa Butiama, mwaka 1983.