Mama Monika Alizikwa Ugenini

Mzazi akiugua ghafla huku ugenini, hofu yetu huwa mbili: ugonjwa, na kaburi la mbali. Yalimkuta Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mwaka 387. Alikuwa amebatizwa Milano Pasaka ileile. Yeye na mama yake Monika walingoja meli ya kurudi kwao, bandarini Ostia karibu na Roma, homa ikamshika mama. Ndugu yake alitamani mama afie nyumbani. Monika akawaambia wamzike popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Siku ya tisa akafariki, akiwa katika mwaka wake wa 56. Augustino alijikaza mazishini, akiona kulia ni aibu (nasi tumefunzwa hivyo). Baadaye, peke yake mbele za Mungu, akayaachia machozi, akamwombea mama. Mwaka 388 alirudi Afrika, akamwacha katika udongo wa Ostia.