Blasio Kigozi, Mwalimu Aliyejifungia Juma Zima

Kwaresima hutukuta sisi watu wa Nyanda za Juu katika majuma ambayo mahindi mabichi yameanza kuliwa, mvua haijakatika na njia zimejaa matope. Si kazi nyepesi kufunga huku mahindi yanachomwa jikoni. Kila mwaka twasikia Wakristo wakiulizana nani ameacha nyama, nani ameacha pombe, nani ameacha sukari katika chai. Kisha Pasaka ikipita kila kitu hurudi mahali pake. Hatusemi kwamba hayo ni bure. Lakini safari hii tumeona vema tuwasimulie maisha ya Blasio Kigozi, ambaye wazee wa uamsho katika Afrika Mashariki wanalijua jina lake, na vijana wanaoimba nyimbo za uamsho pengine hawalijui.

Blasio alikuwa Muganda, mdogo wake Simeoni Nsibambi. Huyo kaka alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya huko Kampala, mtu wa mshahara mzuri, naye aliiacha kazi hiyo ili awahubiri watu habari za Yesu. Mwaka 1929 Simeoni alikutana na daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa amefika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Daktari huyo alitoka Gahini, penye hospitali ya misheni karibu na ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda, ambako njaa kali ya mwaka 1928 na 1929 ilikuwa imewaua watu wengi. Hawa wawili walikaa pamoja siku mbili na Biblia zao, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu tangu mwanzo hata mwisho. Walipoachana kila mmoja alikuwa na nguvu mpya. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo kama wanafunzi wawili wa darasa moja, katika miaka ile, halikuwa jambo la kila siku.

Kwa sababu ya urafiki huo Blasio naye alikwenda Gahini kufundisha. Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji, lugha ilikuwa ngeni kwake, na Gahini penyewe hapakuwa na amani. Watu wa hospitali na watu wa kanisa na shule hawakupatana. Mkubwa wa wafanyakazi wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kumwona Simeoni, naye akamweleza taabu za hospitali zote, nani mvivu na nani mkaidi. Simeoni akamjibu kwamba taabu ile imeanzia moyoni mwa Yosiya mwenyewe. Jibu hilo lilimkera, lakini njiani akirudi nyumbani akashindwa kulikwepa. Alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine, akapatana na Blasio, na tangu hapo wakatumika pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 1933 Wakristo wa Gahini walifanya mkutano mkubwa. Katika maombi ya siku ya mwisho mtu mmoja alisimama akaanza kuungama dhambi zake, akafuatwa na mwingine, na mwingine, hata watu wawili watatu wakawa wamesimama pamoja wakingojea kusema. Jambo hilo lilichukua zaidi ya saa mbili. Mwaka uliofuata Blasio aliwekwa kuwa shemasi, naye alikuwa mkuu wa shule ya wainjilisti.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, sisi tuliotumia miaka yetu katika vyuo vya ualimu. Ukimtazama Blasio kwa nje, mambo yake yote yalikuwa sawa. Alikuwa na daraja takatifu, na shule, na mke na watoto, na bidii isiyo na shaka. Hata hivyo kazi yake haikumpa raha. Alifundisha habari za Mungu kila siku, na wanafunzi walibaki baridi. Kila mwalimu anajua njia rahisi katika hali hiyo: kulaumu darasa. Husema watoto wa siku hizi hawataki kusoma, wazazi hawasaidii, na vitabu havitoshi. Blasio hakuipita njia hiyo. Mwaka 1935 aliacha shughuli zake, akajifungia katika kijumba kidogo juma zima, akiomba na kusoma Biblia, akiuliza kama ubaridi ule haukuwa wake yeye.

Alipotoka hakuanzia shuleni. Alianza nyumbani kwake, akaungama mbele ya mke wake na watoto wake yale aliyowakosea, akawaomba msamaha. Tukumbuke miaka yenyewe. Mwanamume, tena shemasi, tena mkuu wa shule, kumwomba mkewe msamaha mbele ya watoto! Tungependa kujua ni nyumba ngapi za Wakristo, hapa Mbeya au kule Iringa, ambamo jambo hilo limefanyika hata mara moja.

Kisha akaenda darasani. Mafundisho yalikuwa yaleyale, ila mwalimu hakuwa yuleyule. Wengine walilia, wengine walitoka nje kwa kuudhika. Mwaka huohuo yeye na kaka yake na wenzao walialikwa Kabale, kusini magharibi ya Uganda, na huko nako watu wengi wakatubu.

Mwezi Januari mwaka 1936 Blasio alisafiri kwenda Kampala kusema mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda. Alikuwa ameandaa mambo matatu. La kwanza, ni nini kimelifanya Kanisa kuwa baridi na kama lililokufa. La pili, kwa nini watu wanaojulikana wazi kwamba wanaishi katika dhambi wanaachwa kuijia Meza ya Bwana. La tatu, lifanyike nini ili Kanisa liwe hai tena. Yote aliyafunga kwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Hakuwahi kuyasema. Alishikwa na homa ya papasi, ile inayoletwa na wadudu wakaao katika sakafu na kuta za nyumba za udongo, akafa kabla ya kutimiza miaka 30. Mambo yake matatu yalifikishwa kwenye Sinodi bila yeye, na neno Zukuka likahubiriwa katika mitaa mingi wakati Kanisa la Uganda lilipokuwa likijiandaa kwa sikukuu ya miaka 60 mwaka 1937.

Hatufichi kwamba uamsho huo ulileta ugomvi pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, kwa kuwa walikataa kuacha kuhubiri na kuomba alfajiri kinyume cha agizo la mkuu wa chuo. Sisi tuliowahi kuongoza mabweni twaweza kuwahurumia pande zote mbili. Wako pia waliougeuza ushuhuda kuwa mahali pa kutangaza dhambi za jirani, na wengine walijiona wao tu ndio wameokoka. Blasio alikuwa amezihesabu zake kwanza, tena chumbani.

Katika Nyanda hizi zetu jambo la kuungama lilitufikia kwa njia mbili. Upande wa Njombe na Mbeya tulilelewa na misheni ya UMCA, yenye padre, stola ya zambarau na kuungama kwa siri kabla ya Pasaka. Upande wa Iringa, uliokuwa chini ya Dodoma hata Dayosisi ya Ruaha ilipoanza mwaka 1990, Wakristo walifahamu zaidi vikundi vya ushirika, ambamo mtu husimama mbele ya ndugu na kusema alivyoanguka. Tumewahi kusikia watu wa pande hizi wakichekana. Wa kwanza huona haya ya wa pili ni kelele, na wa pili huona ya wa kwanza ni desturi tu. Blasio, tukimwelewa, angewauliza wote wawili kama wameshazungumza na wake zao.

Uamsho wenyewe ulivuka mpaka mapema. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha ulikuwa umefika Katoke kule Bukoba, tena kwenye chuo cha walimu, na Dodoma pia, ambako Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alifundisha shuleni kwa miaka mingi. Joe Church aliandika kitabu kidogo juu ya rafiki yake Blasio. Simeoni alimzika mdogo wake, akaishi miaka 42 zaidi, akafa mwaka 1978, mlei hata mwisho, bila kuwekewa mikono kwa daraja lolote la Kanisa.