Amoghavarsha: mfalme aliyeshuhudiwa na wageni

Inapotajwa historia ya Uislamu nchini India, aghalabu fikra zetu huwaelekea masultani wa Delhi. Leo tumeona vema tumkumbuke mfalme aliyewatangulia kwa karne kadhaa. Hakuwa Muislamu, lakini Waislamu waliishi kwa amani chini ya himaya ya ukoo wake.

Naye ni Amoghavarsha wa Kwanza, wa ukoo wa Rashtrakuta, uliotwaa utawala wa Deccan katikati ya karne ya 8. Alizaliwa takriban mwaka 800, akamrithi baba yake, Govinda wa Tatu, mnamo mwaka 814, angali kijana mdogo. Haukupita muda wakuu wa nchi wakamuasi. Kwa msaada wa jamaa yake, Karka wa Gujarat, utawala wake ulikuwa umetengemaa kufikia mwaka 821, na akadumu katika kiti kwa miaka ipatayo 64.

Makao yake yalikuwa Manyakheta, mji ambao leo unaitwa Malkhed. Alipigana vita alipolazimika, lakini pia alitafuta suluhu. Ukoo wa Waganga, uliokuwa hasimu wake, aliupatanisha nao kwa kumuoza binti yake. Aliwaenzi wanazuoni, akiwemo Jinasena wa dini ya Kijaini, na zama zake ndizo alizoandika Mahavira kitabu chake mashuhuri cha hesabu.

Waarabu waliwaita wafalme wa ukoo huu Balhara. Kitabu cha habari za China na India, kilichoandikwa kwa Kiarabu mwaka 851, kilimhesabu Balhara miongoni mwa wafalme wanne wakubwa wa dunia, na kikaeleza jinsi alivyowapenda Waarabu.

Wema huo haukufa naye alipofariki takriban mwaka 878. Mwaka 304 Hijria, sawa na 916, wakati wa kitukuu chake Indra wa Tatu, Al-Masudi wa Baghdad alifika bandari ya Saymur. Alikuta Waislamu wapatao 10,000, na mkuu wao, Muislamu mwenzao aliyeteuliwa na utawala, akisimamia mambo yao. Alieleza pia kwamba misikiti ilijengwa katika nchi hiyo, na kwamba watu wake waliamini wafalme wao walitawala miaka mingi kwa sababu ya uadilifu na kuwaheshimu Waislamu. Msafiri huyo huyo ndiye aliyefika Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakinasibisha na Pemba yetu.

Manyakheta ilitekwa na kuporwa mwaka 972, na mwaka uliofuata dola ikaanguka. Hazina na majeshi vilitoweka, ukabaki ushahidi wa wageni. Nasi tuna majirani, wapangaji na wafanyakazi wasio wa dini yetu, walio chini ya mikono yetu. Basi kila mmoja wetu ajiulize: watu hao watatushuhudia nini?