Bibi Salme na Vazi Lililombana

Jina la Sayyida Salme binti Said si geni masikioni mwa watu wa pwani. Kila atajwapo husimuliwa jinsi alivyotoroka Unguja akamfuata mfanyabiashara wa Kijerumani, na wengi huifunga habari yake kwa methali ya mwacha asili. Leo, msomaji, tuitazame kwa upande usiotazamwa sana, nao ni wa mavazi. Kwani bibi huyu aliyelelewa katika kanzu na suruali aliangukia miji ambayo mwanamke wa heshima hakuhesabiwa kuwa amevaa mpaka afungwe koseti, yaani kile kizibao cha kubana kiuno.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake ni Jilfidan, suria aliyetoka kwa Wacherkasi wa milima ya Kaukazi. Alisomeshwa Kurani, lakini wasichana hawakufunzwa kuandika, basi akajifunza mwenyewe kwa siri kwa kuziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kushona na kutarizi watoto wa kike walijifunza nyumbani. Nguo zao zilikuwa suruali, kanzu ndefu, utaji wa kichwani na barakoa. Zilikatwa pana, upepo upite, na fundi hakuwa na haja ya kukitafuta kiuno kilipo.

Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake mwaka 1859. Mwaka huo huo wa 1859 Barghash alimwasi nduguye Majid, na Salme, angali binti wa miaka 15, akawa mwandishi wa waasi kwa sababu ya elimu ile ya siri. Uasi ulishindwa. Baadaye akajuana na jirani yake, Heinrich Ruete wa Hamburg, akashika mimba. Mwezi wa Agosti 1866, watu wakisherehekea siku ya mwaka, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, na safari ya Ulaya ikaanza.

Koseti ya miaka ile ilishonwa kwa vipande vingi vilivyosimamishwa kwa pao za kinywa cha nyangumi au za chuma. Mbele ilifungwa kwa vishikizo vya chuma, na mgongoni kwa kamba zilizopita katika vitundu. Juu yake likaja gauni zito la mitandio ya chini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Anayetaka kujua dhiki ya vazi hilo na ajishonee.

Tuseme fundi wa hapa Tezo anataka kulishona alivae mwenyewe katika mchezo wa kuigiza maisha ya Salme. Taabu yake ya kwanza ni kujipima. Akiinama kuitazama namba, kiuno hukunjamana na futi huteleza mgongoni, hata kipimo anachoandika si cha mwili uliosimama. Dawa ni kufunga uzi pale mwili unapokunjika, kutazama mbele, na kumwachia mwenziwe asome namba.

Taabu ya pili ni urefu. Mbele hupimwa pia mtu akiwa ameketi kitini, kwani koseti iliyomkaa vizuri wima humchoma mapaja na kumsukuma kifua akiketi.

Ya tatu, na ndiyo inayowashinda wengi, ni kudhani kwamba kupunguza kiuno ni kupunguza kote. Nyama ikibanwa haipotei, bali huhamia juu na chini. Asiyeacha nafasi mbavuni na nyongani ataliona kosa mgongoni, zipitapo kamba. Pengo baina ya pande mbili likilingana juu hata chini, vazi limekaa. Likipanuka chini, nyonga zimenyimwa nguo. Likipanuka juu, ni mbavu na kifua. Hapo kuvuta kamba hakusaidii. Hufumuliwa mshono, ikaongezwa nguo. Ndiyo sababu jaribio la kwanza hushonwa kwa marekani, tena na pao zikiwa ndani, kwa kuwa kitambaa kitupu hujikunja kikamdanganya fundi.

Jirani zetu wa Kigiriama wana hando, lile vazi la marinda tele lifungwalo nyongani. Nalo pia hulibadili umbo la mvaaji, lakini huongeza pale koseti inapopunguza, wala halimzuii mtu pumzi.

Na fundi wetu ana mwili mmoja wa kupima. Salme alizaa Desemba 1866, kisha Hamburg akamzaa Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Mwanamke wa namna hiyo hana kipimo kimoja. Zilikuwapo koseti za wajawazito, zenye kamba za kulegeza ubavuni, lakini desturi haikumruhusu kuliacha vazi lenyewe. Picha yake mashuhuri, akiwa katika mavazi ya kwao, ilipigwa huko huko Hamburg wala si Unguja.

Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi. Mjane huyo wa miaka 25 aliachwa na watoto watatu, na wakuu wa Hamburg wakamnyima urithi. Alihama mji hata mji, akifundisha lugha ili apate riziki. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kikachapishwa kwa Kijerumani. Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888 kudai haki yake. Safari ya kwanza aliletwa na manowari za Wajerumani, waliotaka kumtumia kwa siasa zao, na Barghash, aliyekuwa Sultani, hakukubali kumwona. Safari ya pili pia aliondoka mikono mitupu. Hapo ndipo alipojua kwamba hata vazi la kwao halimkai tena: Ulaya alikuwa Mwarabu, na Unguja alikuwa Mzungu.

Alikaa miaka mingi Beirut, kisha akafariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa pamoja naye.

Wanaomhukumu kwa methali hawakosi haki ya kusema. Lakini fundi mzuri, nguo isipomkaa mtu, hausemi mwili wa mvaaji. Hurudi kutazama nani alipima, na alipima kwa ajili ya nani. Salme alipimwa na Unguja, akapimwa na Hamburg na Berlin, na kila mmoja alimkatia nguo kwa kipimo chake mwenyewe. Basi watakaomwigiza jukwaani na wamshonee kwa kipimo chake yeye.