Sultani wa Kilwa na Fakiri wa Yemeni

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona vema kuwasimulia waumini na majirani habari za al-Hasan bin Sulaiman, Sultani wa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa.

Taarikh ya Kilwa yaeleza kwamba ujanani alisafiri hadi Aden, nchi ya Yemeni, akakaa miaka miwili akitafuta elimu ya dini, kisha akahiji Makka. Nduguye Daud ndiye aliyemshikia utawala. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa dhahabu ya Sofala, na bandarini mwake ziliuzwa nguo na shanga za akiki kutoka Khambhat, pwani ya Gujarat walikotoka wazee wetu. Al-Hasan alijenga Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Magofu yake yangalipo juu ya bahari.

Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Alimkuta mwenye jumba hilo akiketi na mafakiri na kula nao. Ijumaa moja Sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani akaomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Aliingia nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akamwita fakiri achukue yale aliyoyavua. Maskini akayafunga katika kitambaa, akajitwika, akaenda zake.

Sisi wenye maduka twajua jinsi jicho linavyotazama viatu vya mteja kabla ya kumwuliza atakacho. Kwa maoni yetu, mtu aliyepata kuwa mgeni na mwanafunzi huko Yemeni hakuona matambara tu. Huenda aliona sura ya walimu wake.

Mwanawe, mrithi wa kiti, alizirudisha nguo zile akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapa hatuwezi kupita kimya. Watu ishirini walitolewa kama bidhaa, na hakuna aliyeandika majina yao wala walikotekwa. Sultani huyo alikuwa akipiga vita bara na kuchukua mateka. Jicho lililomtambua fakiri halikuwatambua hao, na sisi tuliokulia jirani na Kilwa Kivinje, bandari iliyosafirisha watumwa wengi katika karne ya 19, twaijua gharama yake.

Al-Hasan alipofariki, Daud alirithi. Ombaomba waliokuja waliambiwa kwamba mpaji amekufa wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi wakaondoka na kidogo, hata mwisho wakaacha kuja mlangoni pake.