Ibn Battuta: Mgeni wa Ramadhani Aliyefika Mpaka Mombasa



Ndugu msomaji, ukitaka kwenda Mombasa kutoka hapa Nakuru unapanda basi jioni, unapita Gilgil na Naivasha, na asubuhi uko pwani. Ukisafiri mwezi huu unatia tende na chupa ya maji kwenye mkoba, Magharibi ikufikie njiani. Na bado tunalalamika! Basi leo tumtazame kijana mmoja wa rika letu, ambaye safari yake ya Hija ilianzia juu ya mgongo wa mnyama.

Abu Abdallah Muhammad ibn Battuta alizaliwa Tangier, nchi ya Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi wa madh-hab ya Imam Malik. Mwezi wa Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, aliwaaga wazazi wake akaelekea Makka. Alikuwa na miaka 21. Hakuwa na mwenzake wala msafara wa kujiunga nao. Baba na mama wote walikuwa hai, na kuagana kuliwauma pande zote mbili.

Njiani akapata wenzake, lakini mjini Bijaya homa ikamshika. Akashauriwa apumzike mpaka apone. Akakataa kabisa, akasema kama ajali yake imefika basi imkute ameelekea Hijazi. Homa ilipozidi alijifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba chake ili asianguke. Mimi sisemi tumuige katika hilo, lakini si mchezo.

Walipofika Tunis wenyeji walitoka kuwapokea wasafiri. Huyu anamkumbatia yule, yule anauliza habari za huyu. Ibn Battuta hakuna aliyempa hata salamu, maana hakuna aliyemjua. Kijana akashindwa kujizuia, akalia. Mmoja wa mahujaji akamwona, akamjia, akamsalimia na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Kila aliyewahi kufika hosteli ya chuo na begi lake, akakuta wenzake wote wanajuana, anajua machozi yale ni ya nini. Hujaji yule jina lake hatulijui, na alichotoa ni salamu tu, lakini Ibn Battuta alikuwa bado anamkumbuka miaka 30 baadaye.

Tunis alilala madrasa. Hapo ndipo utaelewa mtu aliwezaje kusafiri hivyo bila hoteli. Miji ya Waislamu ilikuwa na madrasa na zawiya zenye vyumba vya wanafunzi na wageni, na gharama zikitoka kwenye mali ya wakfu: shamba, duka au nyumba ambayo mtu ameitoa kwa ajili ya Allah (SWT). Huko Damascus aliona wakfu wa wasafiri, wakfu wa kutengeneza njia, wakfu wa kuwaoza mabinti wasio na uwezo, na hata wakfu wa sahani! Kijana mtumwa aliangusha sahani ya Kichina ya bwana wake ikavunjika, naye akiogopa kipigo. Watu wakamwambia akusanye vipande awapelekee wasimamizi wa wakfu. Akalipwa, akanunua nyingine.

Damascus aliingia tarehe 9 Ramadhani 726, Agosti 1326. Anasema hakuna mtu pale aliyekuwa akifuturu peke yake. Matajiri wanaalika, maskini nao wanakusanyika kila mtu na chakula chake. Mwalimu mmoja wa Kimaliki, Nuruddin as-Sakhawi, akamtaka awe anafuturu kwake. Akaenda siku nne, kisha homa ikarudi, akakaa ndani. Sheikh alipoona kiti kitupu akatuma mtu kumwita, na udhuru hakuukubali. Akamwambia nyumba ile aihesabu kama ya baba yake au ndugu yake, akaita tabibu, akaagiza apikiwe chakula cha mgonjwa. Akakaa hapo mpaka Idd. Na pesa zilikuwa zimemwishia! Sheikh akamkodishia ngamia na kumpa masurufu. Ndivyo alivyofika Madina, kisha Makka, akahiji mwaka huo huo.

Baada ya hapo hakurudi nyumbani. Mnamo 1331 akashuka kwa jahazi pwani yetu. Mogadishu vijana waliwafuata wageni baharini kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, na ukimpa mgeni sahani basi mgeni ni wako. Yeye kwa kuwa ni mwanachuoni akapelekwa kwa Kadhi na kulazwa nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Akaona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni kisima chenye kata ya mbao. Mtu anaosha miguu, anaifuta kwenye mkeka, ndipo anaingia.

Kilwa alimsifu Sultani Hasan, ambaye faqiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa naye akamvulia. Mwanawe akazichukua zile nguo, akamfidia faqiri watumwa kumi. Hapo nami husita kidogo. Watumwa kumi ni watu kumi, na wao hawana majina katika kitabu.

Alizunguka miaka 24, mpaka Bara Hindi na China. Mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, akaambiwa Damascus kwamba baba yake alifariki miaka 15 iliyopita. Akaharakisha. Alipofika Moroko mwaka 1349 akapata habari kuwa mama yake amechukuliwa na tauni, miezi michache tu kabla. Akaenda Tangier kuzuru kaburi lake.

Safari zake alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Alifariki yapata mwaka 1368, akiwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko. Allah amrehemu, na amrehemu yule hujaji wa Tunis. Amin.